Umbo la Hesi na Wajibu wa Msomi wa Kiswahili

Wataalamu wa fasihi ya Kiswahili wamebishana kwa muda mrefu kuhusu umbo. Tangu miaka ya 1970, wanamapokeo na wanamabadiliko wamevutana kuhusu vina na mizani. Upande mmoja umeshikilia kwamba utungo usiozingatia arudhi ni guni, na upande wa pili umedai kuwa uhai wa shairi haumo katika hesabu ya silabi. Mvutano huo umezaa vitabu, tasnifu na makala chungu nzima. Hata hivyo, lipo umbo jingine ambalo Mkenya hulitegemea kila uchao, anapopanda matatu, anapofungua mfereji wa maji na anapobadilisha balbu, ilhali wasomi wa Kiswahili ni nadra kulitupia jicho. Umbo hilo ni la hesi.

Huenda msomaji akashangaa. Hesi ina uhusiano gani na chama cha wanafunzi wa Kiswahili? Je, si kazi ya wahandisi na mafundi kujua boliti na nati zilivyo? Makala haya yanashikilia kinyume. Elimu ya hesi ni elimu ya umbo, na umbo lisilo na jina haliwezi kufundishwa kwa lugha ambayo fundi anaitumia kazini. Maadamu karakana nyingi za Kenya zinazungumza Kiswahili huku vitabu vya ufundi vikizungumza Kiingereza, pengo lililopo baina ya viwili hivyo ni jukumu la wanaodai kukitumikia Kiswahili.

Hesi ni nini?

Hesi ni ule ukingo wa chuma unaozunguka mwili wa boliti au skrubu kutoka nchani kuelekea kichwani, na ambao vilevile hujificha ndani ya tundu la nati. Neno lenyewe si geni. Limo katika kamusi kongwe za Kiswahili, na skrubu iliwahi kuitwa msumari wa hesi.

Anayetaka kuielewa hesi na akate karatasi katika umbo la pembetatu yenye pembe mraba, kisha aiviringishe kwenye penseli. Ukingo ulioinama wa karatasi hiyo utaizunguka penseli ukipanda taratibu, na hiyo ndiyo hesi. Kwa hivyo hesi ni mteremko uliokunjwa ukazungushwa. Mtu anayesukuma pipa kwenye mteremko mpole hutumia nguvu kidogo kuliko anayeliinua moja kwa moja, ingawa husafiri mwendo mrefu zaidi. Kwa kanuni hiyo hiyo, dereva mmoja mwenye jeki huweza kuinua gari ambalo watu kumi wasingelibeba.

Umbo la hesi huonekana vyema boliti ikipasuliwa kwa urefu wake na kutazamwa ubavuni. Hapo mzunguko hugeuka kuwa safu ya meno mithili ya msumeno. Kila jino lina kilele chake juu na bonde lake chini. Umbali kutoka kilele kimoja hadi kingine ni hatua ya hesi, na uwazi baina ya nyuso mbili za meno yanayopakana ni pembe yake, ambayo hupimwa kwa nyuzi. Mambo haya manne, yaani kilele, bonde, hatua na pembe, pamoja na kipenyo cha boliti na upande inakokazwa, ndiyo arudhi ya chuma. Boliti ikiafikiana na nati katika hayo yote, vitu viwili huwa kitu kimoja. Ikikosa moja tu, huwa guni.

Kila umbo na kazi yake

Hesi inayofahamika zaidi ni ya pembetatu, ile ya boliti za kawaida. Nyuso zake zimelala pande mbili kama paa la nyumba. Mzigo unapozikandamiza, nyuso hizo hubanana zaidi kwa sababu ya kuinama kwake. Katika hesi yenye pembe ya nyuzi 60, msuguano huongezeka kwa takriban asilimia 15 ukilinganishwa na hesi ya mraba. Katika kazi nyingine msuguano ni hasara, lakini katika kufunga ni faida, kwani ndio unaoizuia nati isirudi nyuma. Isitoshe, jino la pembetatu ni nene shinani, kiasi cha robo tatu ya hatua yake, na hivyo halikatiki upesi.

Hesi ya mraba ni kinyume chake. Meno yake yana kuta zilizosimama wima na kilele bapa. Nguvu ya mkono inayopotea katika msuguano ni ndogo kuliko katika hesi ya pembetatu, na kwa sababu hiyo hesi hii ilipendwa katika jeki na mashine za kukamulia. Dosari yake ni kwamba jino lina unene wa nusu ya hatua tu, na kulichonga kwa usahihi ni kazi ya jasho. Wahandisi wakatafuta suluhu ya kati: hesi ya trapeza, pana chini na nyembamba juu, yenye pembe ya nyuzi 30 katika kipimo cha metriki na nyuzi 29 katika kipimo cha Kimarekani. Aghalabu hii ndiyo inayosukuma jiriwa, ile ambayo mafundi wengi wa Nairobi huiita vaisi. Atakayeifungua jiriwa na kuutazama mhimili wake ataliona umbo hilo bila kuhitaji darubini wala mwalimu.

Ipo pia hesi ya msumeno. Uso mmoja wa jino lake umesimama karibu wima, kwa mwinamo wa nyuzi 3 tu katika kipimo cha metriki, na uso wa pili umelala kwa nyuzi 30. Hesi hii hubeba mzigo mzito unaoelemea upande mmoja pekee, kama katika mashine kubwa za kushindilia. Mwisho kuna hesi ya duara, yenye vilele na mabonde yaliyoviringwa kama mawimbi. Haidhuriki upesi kwa uchafu wala kwa kugongwa, na huweza kufinyangwa kutokana na bati jembamba. Kila mwenye balbu ya kuzungusha nyumbani anayo, kwa kuwa herufi na tarakimu E27 zilizoandikwa kwenye balbu hiyo zinamaanisha hesi ya aina hii yenye kipenyo cha milimita 27.

Zaidi ya maumbo haya, upande wa kuzungusha nao una maana. Kanyagio la kushoto la baiskeli lina hesi ya kushoto ili mwendo wa mguu usilifungue. Vivyo hivyo, viungo vya mtungi wa asetilini hukazwa kwa kushoto ilhali vya oksijeni hukazwa kwa kulia, mchomeleaji asije akazichanganya gesi hizo mbili. Hapa kanuni ya umbo ni kinga ya uhai wa mtu.

Whitworth hakubuni mezani

Historia ya hesi ina funzo kubwa kwa anayeshughulikia istilahi. Hadi mwanzoni mwa karne ya 19, karakana za Uingereza zilichonga hesi kila moja kwa mtindo wake. Nati iliyopotea haikununuliwa dukani. Ilibidi irudiwe kuchongwa na fundi yule yule. Mnamo mwaka wa 1841, mhandisi Joseph Whitworth aliwasilisha mbele ya Taasisi ya Wahandisi Ujenzi jijini London pendekezo la kuwa na mfumo mmoja. Jambo la kuzingatia ni namna alivyoufikia mfumo huo. Hakujifungia chumbani akabuni pembe iliyompendeza. Alikusanya skrubu kutoka karakana nyingi, akazipima, akatafuta wastani. Matokeo yakawa pembe ya nyuzi 55, yenye vilele na mabonde yaliyoviringwa. Mafundi waliukubali mfumo huo kwa kuwa waliona ndani yake kazi ya mikono yao wenyewe.

Huko Marekani, William Sellers aliukosoa mfumo huo mwaka wa 1864 mbele ya Taasisi ya Franklin mjini Philadelphia. Kwa maoni yake, nyuzi 55 ni pembe ngumu kupima, na kuviringa vilele ni kazi ya kupoteza wakati. Akapendekeza nyuzi 60, pembe ya pembetatu yenye pande tatu sawa ambayo fundi yeyote huweza kuichora kwa bikari, na vilele bapa vinavyochongeka kwa wepesi. Kongamano la Zurich la mwaka wa 1898 nalo likachagua nyuzi 60 kwa hesi za metriki za bara Ulaya.

Ulimwengu ukabaki na mifumo inayokinzana, na gharama yake haikuwa ndogo. Moto ulipozuka mjini Baltimore, Marekani, Februari 1904, wazima moto walifika kutoka miji mingine, ikiwemo Washington. Maji yalikuwepo, mipira ya maji ilikuwepo, watu walikuwepo. Lakini viungo vya mipira mingi ya wageni havikuingia katika mabomba ya mji. Majengo zaidi ya 1,500 yaliteketea. Katika Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, Waingereza na Wamarekani walipigana bega kwa bega huku boliti zao zikikataana. Ndipo mwezi Novemba 1948 Uingereza, Marekani na Kanada zikatia sahihi mkataba wa hesi ya pamoja yenye nyuzi 60. Leo hesi za metriki zinazofuata kanuni za shirika la kimataifa la viwango, ISO, zina pembe hiyo hiyo.

Wajukuu wa mifumo hiyo Kenyani

Mifumo hiyo yote iliingia Kenya kupitia milango mbalimbali. Mashine kuukuu za Kiingereza zilikuja na kipimo cha Whitworth. Mashine za Kimarekani zilikuja na kipimo cha inchi cha nyuzi 60. Magari ya Kijapani yamejaa metriki. Mabomba ya maji yangali yanatumia umbo la Whitworth la nyuzi 55. Basi fundi wa jua kali aliyesimama Kamukunji au Kariobangi amesimama katika njia panda ya historia ya viwanda vya dunia, na aghalabu hakuna aliyemwambia.

Tazama jinsi boliti zinavyotajwa. Katika gereji nyingi, boliti huitwa kwa namba ya spana: ya kumi, ya kumi na tatu, ya kumi na saba. Namba hiyo hupima kichwa cha boliti; haisemi lolote kuhusu hesi. Spana namba 13 hufungua boliti ya metriki ya milimita 8 ambayo hatua yake ni milimita 1.25. Hufungua pia boliti ya milimita 8 yenye hatua ya milimita 1. Aidha, hushika vizuri boliti ya inchi ya tano kwa kumi na sita, kwa kuwa kichwa chake kina upana wa nusu inchi, yaani milimita 12.7. Boliti tatu tofauti zinaitwa jina moja. Ile ya inchi ina meno 18 katika kila inchi, sawa na hatua ya milimita 1.41. Ikitiwa katika tundu la metriki, mzunguko wa kwanza huingia bila shida. Kila mzunguko unaofuata huongeza tofauti ya milimita 0.16, mpaka meno yanapoanza kung'ang'aniana. Mwanagenzi asiyejua hudhani ni kutu, akatafuta spana ndefu, akavuta kwa nguvu. Hapo ndipo husema kwamba thredi imeisha. Haikuisha; imeuawa. Na ikiwa tundu hilo ni la kushikilia breki, hasara haitakuwa ya chuma pekee.

Mfano wa pili ni wa bomba la nusu inchi. Hesi ya Kiingereza ya bomba hilo ina meno 14 katika inchi, na ile ya Kimarekani ina meno 14 vilevile. Zote mbili huweza kuchongwa kwa mkabala unaopungua kwa kiasi kimoja, yaani 1 kwa 16. Vipenyo vyake vinakaribiana mno. Kwa jicho la kawaida ni pacha. Lakini moja ina nyuzi 55 na vilele vya mviringo, na nyingine ina nyuzi 60 na vilele bapa. Zikikazwa pamoja hushikana, ila baina ya nyuso zake hubaki njia nyembamba inayozunguka kama ngazi ya mnara, na maji huifuata njia hiyo hadi nje. Fundi huongeza utepe mweupe, akaongeza tena, na mwenye nyumba akamlaumu kwa uzembe. Kosa si la mkono wake bali ni la nyuzi tano ambazo hakuwahi kutajiwa. Wahenga walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ataziba vipi ufa asioujua jina?

Uzi, nyuzi na vurugu ya istilahi

Hapa ndipo mwanafunzi wa Kiswahili anapoingia. Hali ya istilahi za hesi inafanana na hali ya hesi zenyewe kabla ya mwaka 1841. Kitu kimoja kinaitwa hesi na huyu, uzi na yule, thredi na wa tatu. Chombo chenye hesi huitwa skrubu, na kwa wengine parafujo, neno lililotokana na Kireno.

Kati ya hayo, neno uzi linastahili kutazamwa kwa jicho kali. Ni tafsiri ya moja kwa moja ya neno la Kiingereza, na linapotumiwa katika ufundi huu huleta utata usiokuwepo katika Kiingereza. Katika Kiswahili, wingi wa uzi ni nyuzi, na nyuzi ni kipimo cha pembe vilevile. Mwalimu atakayesema kwamba nyuzi za boliti hii zina nyuzi 60 atawachekesha wanafunzi, na atakayesema boliti ina nyuzi 18 hataeleweka kama anahesabu meno au anapima pembe. Hesi haina tatizo hilo. Ni fupi, imo kamusini, na huafikiana na nyuzi bila kugongana nazo: hesi ya nyuzi 55, hesi ya nyuzi 60. Maneno ya kulizunguka yapo tayari: jino, kilele, bonde, hatua, pembe. Majina ya maumbo nayo yanapatikana bila kubuni jipya: hesi ya pembetatu, ya mraba, ya trapeza, ya msumeno, ya duara.

Wapo watakaopinga. Wa kwanza watasema kuwa maneno hayo yote yapo kwa Kiingereza, na mtihani wa ufundi hutahiniwa kwa Kiingereza, basi kuna haja gani ya kujisumbua? Hoja hii inamsahau mwanagenzi ambaye hakuingia chuoni, anayejifunza kwa kutazama na kuambiwa. Anachoambiwa huambiwa kwa Kiswahili. Kisichokuwa na neno katika mazungumzo hayo hakiambiwi kabisa. Wa pili watasema kuwa Kiswahili kimechoshwa na maneno ya kubuniwa, na watataja ngamizi, tarakilishi na mdahalishi. Hawa wana haki yao. Istilahi nyingi zilizozuliwa katika semina zilifia kwenye kurasa za semina hizo, huku wananchi wakiendelea kusema kompyuta na intaneti. Lakini kosa lilikuwa la njia, si la nia. Wabunaji walianza na orodha ya maneno ya kigeni wakatafuta visawe mezani, na wala hawakuanza na kinywa cha mtumiaji.

Dawa ya kosa hilo ni kufuata njia ya Whitworth. Wanafunzi wa vyama vya Kiswahili katika vyuo vikuu na watembelee karakana za Nairobi, Kisumu, Nakuru na Mombasa wakiwa na madaftari. Waulize jino lililokatika linaitwaje, bonde lililojaa uchafu linaitwaje, boliti inayokataa kuingia husemwa vipi. Waende pia kwa maseremala wa pwani wanaokereza miguu ya vitanda, kwani lugha ya kukereza ni ya zamani na huenda ina hazina isiyojulikana bara. Wakusanye, walinganishe, kisha watafute neno lililo karibu na wengi, kama yule mhandisi alivyotafuta wastani wa skrubu. Kazi kama hiyo inafaa kuwa mada ya tasnifu sawa na uhakiki wa diwani yoyote. Tena matokeo yake yarudishwe karakanani kwa karatasi moja yenye michoro mitano na majina matano, itundikwe ukutani juu ya jiriwa, na wala yasiachwe kulala maktabani.

Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya Kenya pamoja na kuwa lugha ya taifa. Urasmi huo hautathibitishwa na hotuba za sherehe pekee. Utathibitika siku ambayo mwanagenzi atazishika boliti mbili, azilaze meno kwa meno, aziinue kwenye mwanga, na kumwambia mwenzake kwa Kiswahili kisicho na kigugumizi: hatua zake hazilingani, usiikaze. Siku hiyo kutakuwa na breki itakayoshika na mfereji ambao hautavuja. Kwa lugha iliyoweza kuhesabu mizani kumi na sita katika kila mshororo, kuhesabu meno kumi na nne katika inchi hakuwezi kuwa muhali.